Nyanya Si Zao la Kuanzia

Mvua za masika zikianza kunukia, pita kwenye duka lolote la pembejeo Dar es Salaam uangalie watu wanachonunua. Anayeanza bustani ya nyumbani utamjua kwa pakiti alizobeba: nyanya, hoho, karoti, na pengine stroberi kwa sababu watoto wameomba. Mchicha haumo. Matembele hayauzwi kwenye pakiti, kwa hiyo hata hayatajwi. Miezi minne baadaye muulize bustani imefikia wapi, atakwambia ardhi ya kwake mbovu, au mbegu zilikuwa feki, au yeye hana mkono wa kilimo. Tuta limeota magugu na mke ameanika nguo pale palipokuwa na vijiti vya kuegemezea nyanya.

Sikubaliani naye. Mbegu feki zipo, na ndiyo maana pakiti halali huwa na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania. Ardhi mbovu ipo pia, nitaifikia. Ila watu wengi wanaoshindwa mwaka wa kwanza wameshindwa dukani, kabla hawajashika jembe. Wamechagua zao linalochelewa kumjibu mtu.

Hebu tuhesabu. Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne. Ukishapandikizwa, husubiriwa siku 60 hadi 80, wakati mwingine zaidi, ndipo tunda la kwanza liive. Hiyo ni miezi mitatu na kitu. Kosa ulilofanya wiki ya kwanza, tuseme samadi mbichi au mashimo yaliyobanana, litajitokeza wiki ya tisa, na hapo litakuwa limekwisha kuchanganyika na makosa mengine matano. Huwezi kujua lipi limekuangusha. Mchicha, kwa upande wake, huvunwa kati ya siku 21 na 30 tangu mbegu imwagwe. Ukizimwaga nyingi mno, ndani ya wiki moja unaona miche imebanana na kurefuka bila shina. Ukifukia mbegu chini sana, hazioti kabisa, na siku ya sita unajua. Katika muda ambao nyanya inakufundisha somo moja lenye utata, mchicha umekufundisha masomo manne yanayoeleweka, na umekula.

Kuna jambo jingine, na hili wengi wa pwani hawalijui hata baada ya miaka ya kujaribu: nyanya ina ugomvi na usiku wetu. Ua la nyanya hushika tunda vizuri usiku ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 21 hivi. Usiku ukikaa kwenye nyuzi 24 na kupanda, chavua hudhoofika na ua hudondoka likiwa bado la njano. Sasa fikiria Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Januari, Februari, Machi. Usiku wa miezi hiyo ndio ule tunaolala tukiwa tumewasha feni na madirisha wazi, na nyuzi 24 au 25 ni jambo la kawaida. Aliyeotesha kitalu mwezi wa Novemba atapata mmea mkubwa, wa kijani, wenye majani ya kuvutia kabisa kupigia picha, usio na tunda.

Hapa ndipo msiba unapoanza. Mwenye bustani anakwenda dukani na kusema maua yanadondoka. Muuzaji, ambaye naye anatafuta riziki, hamwambii kwamba ni joto, maana joto halina dawa ya kuuza. Anatoa chupa. Mara nyingi anatoa mbili na kusema, "Changanya, kaka, hii ya wadudu na hii ya ukungu, utaniambia." Bomba linajazwa, mimea inanyunyiziwa wiki baada ya wiki, na nyuki wachache waliokuwa wanapita wanakufa. Wadudu marafiki waliokuwa wanakula vidukari nao wanakufa, kisha vidukari vinarudi kwa nguvu mpya. Mwezi wa Juni baridi ikiingia, maua yanashika yenyewe, na chupa inapewa sifa.

Si kwamba dawa hazina kazi. Kantangaze, yule nondo mdogo wa kijivu ambaye kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani na kisha kuingia kwenye tunda, si mdudu wa kubembelezwa. Asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006 na akaripotiwa Tanzania mwaka 2014, na tangu hapo amewafilisi wakulima wenye uzoefu wa miaka mingi. Dawa nyingi ameshazizoea. Kama mkulima wa ekari tano anahangaika naye, mtu mwenye miche kumi na mbili nyuma ya jiko atamweza kwa lipi? Atanunua chupa, na pengine hatasoma lebo. Utepe wa rangi chini ya lebo una maana: nyekundu ni sumu kali kupita zote, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Lebo hutaja pia siku za kusubiri kati ya kunyunyizia na kuvuna. Kwenye bustani ya nyumbani siku hizo hazisubiriwi, kwa sababu mtoto anachuma nyanya akipita na kuila hapo hapo bila kuosha. Kwa maoni yangu mtu wa mwaka wa kwanza asiwe na bomba la dawa kabisa, na asipande zao litakalomlazimisha kulinunua.

Ushauri mwingine mbaya hutoka kwenye pakiti yenyewe. Mbegu za maduka makubwa nyingi zimefungwa Ulaya, na nyuma ya pakiti kuna kalenda: panda Machi hadi Mei. Kwa Mwingereza ni sawa, maana baridi ndiyo inaondoka. Kwa mtu wa Kigamboni, Machi hadi Mei ndiyo masika yenyewe. Aprili peke yake, kwa wastani, Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 200 za mvua. Mbegu ndogo husombwa, ugonjwa wa kinyausi hukata miche kitaluni kwa usiku mmoja, na ukungu hupanda kwenye majani ya nyanya kutoka chini kwenda juu. Video nazo ni hivyo hivyo. Kijana anayeonyesha nyanya zake za kupendeza yuko Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, au yuko Lushoto. Usiku wake na wako haufanani. Nyanya zinazojaa kwenye matenga ya Soko la Ilala hutoka Ilula kule Iringa, hutoka Lushoto na milima ya Morogoro, na zina sababu ya kutoka huko. Mtu wa Nairobi, Arusha au Mbeya anayesoma hapa anaweza kupunguza nusu ya ninayoyasema kuhusu joto, ingawa asipunguze ninayoyasema kuhusu subira.

Tuje kwenye udongo. Vitabu vya kilimo hueleza aina za udongo: tifutifu, mfinyanzi, kichanga. Havielezi udongo wa Goba, Madale, Chanika au Kibada, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye kiwanja kilichomalizwa kujengwa mwaka jana. Huo si udongo, ni kumbukumbu za fundi. Greda lilikwangua tabaka la juu lenye rutuba kwanza. Kisha ikaja kokoto, mchanga, mabaki ya zege, vipande vya tofali, chokaa iliyomwagika wakati wa kupaka rangi, na mwisho tingatinga likasawazisha vyote kwa pamoja. Na bustani inachimbwa wapi? Kando ya ukuta, kwa kuwa ndipo penye nafasi, pale pale fundi alipokuwa anachanganyia saruji. Saruji na chokaa hupandisha ualikali wa udongo, na madini ya chuma, hata kama yamo, mizizi haiyapati. Majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Mwenye nyumba anaona njano, anaongeza mbolea ya chumvichumvi. Njano haitoki.

Kabla ya kununua mbegu yoyote, chimba shimo la urefu wa jembe mahali unapopataka, uangalie kinachotoka. Kama ni vipande vya zege, hama, au pandisha tuta kwa kuzungushia tofali na kuleta udongo mwingine, au panda kwenye viroba. Viroba si aibu. Familia nyingi za Kibera jijini Nairobi zimekula sukumawiki ya kwenye magunia kwa miaka. Kama ni mchanga mtupu, kama ulivyo sehemu kubwa ya pwani yetu, usidanganywe na maneno ya mbolea ya dukani. Mchanga haushiki maji wala mbolea. Unachoweka asubuhi kimeshuka kabla ya jua kutua. Kinachoushikisha ni mboji na samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita ya mraba kwa kuanzia, na uongeze kila ukitoa zao.

Nimesema iliyooza. Samadi ya kuku mbichi, ile ambayo jirani mwenye banda anafurahi kukupa bure ili aondokane na harufu, huunguza mizizi kwa amonia. Miche hukauka kuanzia kingo za majani na watu hudhani ni kiu, wakaimwagilia zaidi. Rundika samadi hiyo pamoja na majani makavu, ilowanishe, igeuze kila baada ya wiki mbili, na uisahau kwa miezi miwili au mitatu. Ikiwa haina harufu wala joto ukichomeka mkono, iko tayari.

Kuhusu maji nina hesabu ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila duka la mbegu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwenye hali ya hewa ya Dar es Salaam, jua na upepo huondoa kiasi cha milimita nne hadi tano kwa siku kutoka kwenye tuta lenye mboga. Kwa hiyo tuta la mita moja kwa tano linataka lita 20 hadi 25 kila siku isiyo na mvua, yaani ndoo moja iliyojaa na kidogo juu yake. Matuta manane ya namna hiyo ni ndoo nane hadi kumi. Kila siku, pamoja na Jumapili, pamoja na siku ya msiba kijijini na siku ya harusi. Mtu akipiga hesabu hii mapema, bustani yake hujipunguza yenyewe kutoka matuta manane hadi mawili, na hayo mawili hayafi. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, bustani nyingi za nyumbani zilikauka ndani ya wiki chache. Hakuna mwenye akili atakayemwagilia hoho wakati ndoo ya kuogea haipo. Waliobaki na kitu ni wale waliokuwa na tuta dogo lililofunikwa matandazo ya nyasi kavu, wakilipa maji yaliyosuuza mchele na mboga.

Halafu kuna maji ya kisima. Karibu na bahari visima vingi vina chumvi, na chumvi hiyo inachagua mimea. Maharage, karoti, vitunguu na stroberi huumia kwanza, ncha za majani zikiungua. Spinachi huvumilia, na mchicha hauna makuu. Onja maji yako kabla hujachagua mbegu. Na maji ya mitaro, yale ya Mto Msimbazi na vijito vyake, tuyaache kabisa. Mto ule hubeba maji ya viwandani na vinyesi vya mji, na majani ya mboga huyakusanya hayo. Najua kuna watu wanaoishi kwa kulima bondeni na sitaki kuwasema vibaya, wao hawana chaguo ulilonalo wewe mwenye bomba la maji.

Yapo makosa madogo ambayo nitayataja nikipita. Karoti haiatikwi kitaluni: ukiihamisha, mzizi unagawanyika miguu miwili mitatu. Bamia na kunde nazo huwekwa mbegu moja kwa moja shimoni. Nyanya hutaka sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche, na kila anayeanza huupa kila mche nafasi ya kiganja kwa kuwa mche mdogo humdanganya. Tuta lisizidi upana wa mita moja na robo, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Chini ya mwembe hapafai, hata kama ndipo penye ubaridi mzuri wa kukaa. Mboga inataka saa sita za jua kwa siku kwa uchache. Kumwagilia juu juu kila jioni kwa dakika mbili kunalowesha vumbi tu, chomeka kidole uone. Kuku, wa kwako au wa jirani, wataifikua mbegu ya mchicha siku ile ile uliyoimwaga, kwa hiyo matawi ya miiba au wavu viwepo kabla ya mbegu. Na wakati wa masika, konokono wakubwa wa pwani huokotwa usiku kwa tochi. Hakuna njia ya heshima zaidi.

Sasa nirudi kwenye lile ninalolitetea. Sababu inayowafanya watu waruke mchicha na matembele si ya kilimo. Ni kwamba mboga hizi tumezipa cheo cha chini. Mtu aliyejenga nyumba yenye geti hataki mgeni akute matembele mbele ya baraza, kwa sababu matembele ni mboga ya mwisho wa mwezi. Anataka hoho za rangi tatu. Nasema hivyo bila kumcheka, kwa kuwa sote tumekulia kwenye dharau hiyo. Walioshughulika na mboga hizi kitaaluma walishaiacha zamani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga za asili, na leo managu, saga na terere zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi, mahali ambapo kizazi kimoja nyuma zisingeonekana. Arusha, Kituo cha Dunia cha Mboga kina ofisi yake ya kanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miongoni mwa mbegu kinazozihifadhi ni za mchicha, mnavu, mgagani na nyanya chungu. Wataalamu hao hawahifadhi mbegu kwa huruma. Ni mimea iliyokwishazoea usiku wetu, mvua zetu na wadudu wetu.

Wapo watakaosema mchicha ni wa bei rahisi sokoni, basi ya nini kuulima? Swali zuri. Lakini bei yake ndogo ndiyo faida ya anayejifunza: ukiharibu tuta zima umepoteza kijiko cha mbegu na wiki tatu. Isitoshe, fungu la sokoni hujui limemwagiliwa nini, na mchicha ulioondolewa ardhini asubuhi ukifika jioni umeshalala.

Matembele ni rahisi kuliko hata mchicha. Omba marando kwa mtu, hakuna anayekataa. Kata vipande vya futi moja, ondoa majani ya chini, laza theluthi mbili ardhini, mwagilia wiki ya kwanza bila kukosa. Baada ya mwezi mmoja na wiki kadhaa unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua. Tuta moja la matembele, moja la mchicha linalogawanywa mara tatu na kusiwa kwa kupishana wiki, na mashina sita ya bamia pembeni: hiyo ndiyo bustani ya mwaka wa kwanza. Haina kitu cha kupigia picha. Ina mboga ya siku nne kati ya saba, na mwenye nayo anajua kufikia Desemba maji yake yanatosha kiasi gani, jua linafika wapi mwezi gani, na kuku wanaingilia upande upi.

Akitaka nyanya baada ya hapo, azipande. Kitalu kiwekwe mwishoni mwa Mei mvua zikipungua, kivuli chepesi juu yake na miche isibanane. Ihamishwe ikiwa na majani manne au matano, mwishoni mwa Juni, jioni, ili maua yatoke kwenye usiku wa Julai na Agosti ambao hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Miche sita, mbegu iliyothibitishwa, vijiti vya kuegemezea visimamishwe siku ile ile ya kupandikiza na majani ya chini yanayogusa ardhi yakatwe. Tanya na Tengeru 97, zilizotoka kwenye utafiti wa Tengeru, zinatosha kabisa kwa kuanzia. Mmoja ukinyauka ghafla mchana majani yakiwa bado kijani, kata shina karibu na ardhi na ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe mzito ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria, na hakuna chupa ya kuutibu. Ng'oa mche huo na mizizi yake, uuchome moto, na mahali hapo pasikae nyanya, bilinganya, hoho wala nyanya chungu kwa misimu kadhaa. Matembele yanaweza kupandwa hapo wiki hiyo hiyo.